Mbao Mbili za Lango la Juu

Kazini walimwita Bi Mbao, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Kinamasi cha nje ya mji kiligawanywa kwa matuta ya udongo kuwa mabwawa kadhaa, na kila bwawa lilikuwa na lango la saruji lenye mifuo pande mbili. Ndani ya mifuo hiyo zilichomekwa mbao nene, moja juu ya nyingine. Ukiongeza ubao, maji hupanda. Ukiutoa, hushuka. Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kujua lini ubao uingie na lini utoke, na ndege wa maji walikuja au walikwenda zao kwa kufuata mikono yake.

Aliyempa jina ni fundi wa pampu, mzee mmoja mrefu mwenye mzaha usioisha. "Mumeo anashona nguo, wewe unashona maji," alimwambia siku moja. "Nyumba yenu haina mtu wa kutulia."

Alianza pale kama kibarua wa kufyeka matete, akiwa na panga na buti za mpira zilizomzidi miguu. Taratibu akajifunza kwamba kinamasi hakijitunzi. Matete yakiachwa hufunga bwawa lote, ndege wakakosa pa kutua. Maji yakisimama kimo kimoja mwaka mzima, chini hapaoti kitu cha kuliwa. Kwa hiyo kila mwaka bwawa moja lilishushwa maji mpaka matope yakaona jua, majani yakaota na kutoa mbegu, kisha maji yakarudishwa kidogo kidogo, na mabata wa mwituni wakaja kuchovya midomo na kula walichoandaliwa. Bata wengine hutaka maji ya kufika gotini, wengine hupiga mbizi na hutaka kina. "Wageni wangu hawaombi mashuka," aliwaambia watoto wa dada yake, "lakini kwa chakula ni wasumbufu kuliko ninyi."

Watoto hao walimwita mama mdogo, na walikuwa karibu kama wake, kwa sababu yeye na mumewe hawakujaaliwa. Dada yake mkubwa alikuwa amemlea. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa bado anabebwa, na mgongo uliombeba tangu siku hiyo ulikuwa wa dada. Dada aliacha shule kwa ajili yake. Hilo halikusemwa nyumbani, lakini lilikuwepo mezani kila walipokula pamoja.

Dada na mumewe walilima mboga upande wa pili wa mfereji. Maji yote, ya kinamasi na ya mashamba, yalitoka mto mmoja na kuja kwa mfereji mmoja hadi mahali palipoitwa Lango la Juu. Hapo yaligawanyika: mkono mmoja uliingia Bwawa Kubwa, mwingine ulikwenda mashambani. Wakati wa kiangazi kamati ya maji ilipanga zamu, na Bi Mbao ndiye aliyeshika ufunguo wa mnyororo uliozuia mbao zisiguswe.

Mwaka ule kiangazi kilikuja mapema na hakikutaka kuondoka. Mto ulinywea mpaka mawe yake yakaonekana. Kamati ikapunguza zamu za mashamba, ikasema maji ya kinamasi yasiguswe kabisa, kwa kuwa bwawa likishuka katika joto kama lile huleta maradhi. Bi Mbao alikuwepo kwenye kikao hicho. Alisikia kwa masikio yake.

Shemeji yake alikuja kwanza, jioni, jua halijazama. Aliketi kwenye kiti cha wateja katika chumba cha mbele, ambako mume wa Bi Mbao alikuwa anapinda suruali ya mtu kwenye cherehani.

"Shemeji, nyanya zimeanza kutoa maua," alisema. "Zikikosa maji sasa, maua yanadondoka. Na unakumbuka mafuriko yaliyotupata msimu uliopita."

"Nakumbuka."

"Basi. Huu ndio msimu tuliojaribu tena."

"Shemeji, kamati imesema hapana. Ningekuwa na maji yangu mwenyewe kwenye pipa, ningekupa."

Yule bwana hakubishana. Alikuwa mtu wa haya, mikono yake mikubwa haikujua pa kukaa. Aliaga akaenda. Cherehani iliendelea kunguruma, na mumewe hakuinua kichwa.

Siku ya pili akaja dada mwenyewe. Huyo hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alipita moja kwa moja jikoni, akamkuta mdogo wake anaosha sufuria, akachukua kitambaa akaanza kukausha vyombo bila kuombwa.

"Sikuombi uibe," alisema. "Nakuomba ugeuze. Ubao mmoja huku, mmoja kule. Siku mbili tatu, mizizi ilowe, basi."

"Dada, mabata watakuwa hatarini."

"Bata ana mabawa. Akiona hapa hakuna maji, ataruka aende kwingine. Nyanya zangu zitaruka kwenda wapi?"

Bi Mbao aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Lilikuwa neno lililokaa sawasawa kama kifuniko juu ya chungu, na hakupata pa kulifunulia. Dada akaweka sahani ya mwisho rafuni, akamtazama.

"Sijawahi kukuomba kitu," alisema. Na kweli hakuwahi.

Kesho yake mchana, wafanyakazi walipokuwa wameketi kwenye kivuli cha stoo wanakula, Bi Mbao alipanda baiskeli akaenda Lango la Juu. Alifungua mnyororo. Akatoa mbao mbili upande wa mashamba, akazichomeka upande wa bwawa. Zilikuwa zimevimba kwa maji, ikabidi azigonge kwa kisigino cha buti ndipo zikashuka. Mkono wa mashambani ukaanza kusema, maji yakikimbia juu ya udongo mkavu. Mkono wa kinamasi ukanyamaza. Akafunga mnyororo kama ulivyokuwa, akarudi, akamkuta fundi wa pampu anamhifadhia nafasi kwenye benchi.

"Ulikuwa wapi? Nimekulindia chakula chako na nzi kama askari."

"Nilikwenda kuangalia lango."

Hakusema uongo, na hilo lilimuumiza zaidi.

Siku mbili tatu zikapita. Shemeji akatuma ujumbe wa simu kwamba udongo ulikuwa umekauka sana, maji bado yanazama tu, je, angeweza kungoja kidogo. Akangoja. Kisha ikawa aibu kwenda kufunga bila kuwaambia, na kuwaambia pia ikawa aibu. Wiki zikapita, na kila asubuhi alijisemea leo. Kila asubuhi palikuwa na jambo: matete ya kufyeka upande wa mashariki, tuta lililotobolewa na panya, wageni wa wizara waliotaka kuonyeshwa visiwa ambako ndege hutagia. Bwawa Kubwa lilijivuta polepole kutoka kingoni, likaacha utepe wa matope meusi, kisha utepe mwingine. Maji yaliyobaki yalikuwa ya uvuguvugu ukitia mkono. Yalinuka.

Asubuhi moja akitembea juu ya tuta alimwona bata mmoja ukingoni, jike la rangi ya kahawia. Lilikuwa linajikokota kwa mabawa, kana kwamba linapiga makasia kwenye matope. Miguu haikufanya kazi. Alipokaribia, halikuruka. Lilijaribu kuinua kichwa, shingo ikakataa, kichwa kikaanguka mbele na mdomo ukaingia kwenye maji. Bi Mbao alisimama. Alikuwa amewahi kuusikia ugonjwa huo ukielezwa, wa shingo kulegea, na alijua kwamba sheria ilikuwa kumwokota ndege wa namna ile mara moja na kumwita meneja. Lakini meneja akija angeuliza mbona maji yako chini. Akajiambia huyu kang'atwa na mbwa. Kisha akalisukuma kwa ncha ya buti, polepole, hadi likaingia ndani ya matete, mahali ambapo hapakuonekana kutoka tutani.

Jioni ile alikuta beseni la nyanya mlangoni. Zilikuwa za kwanza, nyekundu, ngumu, zimefunikwa kwa kitambaa ambacho dada yake alikitumia kukaushia vyombo. Mumewe alikata moja, akaitia chumvi, akala akiwa amesimama.

"Tamu," alisema. "Kula."

"Nina kiungulia."

"Tangu lini?"

Bi Mbao alilifunika beseni. Akanawa mikono, akaingia chumbani.

Jumatatu fundi wa pampu alimpigia simu kabla hajafika kazini. Hakutania. "Njoo Bwawa Kubwa," alisema tu.

Walikuwa wengi. Wengine wamekufa wakiwa wamejipanga kando ya matope kama viatu vilivyoachwa mlangoni, wengine bado wanaelea, vichwa chini ya maji. Wengine walikuwa hai, wakitazama, kope zao zikifunga na kufunguka taratibu, wasiweze kuinua shingo. Palikuwa na mabata ya kila aina, na kuku wa majini wenye kipaji cheupe, na membe, ndege weupe wa majini, waliokuja kula mizoga nao wakaanguka. Mainzi yalivuma kama mashine.

Meneja alikuwa amesimama na simu sikioni, buti zake zimezama. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Bi Mbao kwa umri, mkali, asiyependa maneno mengi. Alipokata simu alisema daktari wa mifugo yuko njiani, na kwamba kila mtu achukue gunia.

Bi Mbao hakuchukua gunia. Aliondoka kimyakimya, akapanda baiskeli akaenda Lango la Juu mbio mpaka kifua kikamwasha. Akarudisha mbao mahali pake kabla mtu mwingine hajafika kutazama. Maji yaligeuka, yakaingia kwenye mkono wa kinamasi. Alipomaliza, akafunga mnyororo kwa kufuli. Alijua alichokuwa anafanya. Alikuwa anawaletea mabata maji, ndiyo, lakini zaidi alikuwa anafuta nyayo.

Daktari wa mifugo aliwaeleza wote wakiwa wamezunguka toroli la kwanza lililojaa. Sumu hutoka kwenye vijidudu vya matopeni, alisema, vinavyoamka maji yakiwa machache, ya moto, yasiyotembea. Ndege mmoja hufa. Inzi hutaga juu yake. Funza huibeba sumu bila kudhurika, bata mwingine akala funza, naye akafa, na mzoga wake ukawa kitanda cha funza wengine. "Mmoja asipookotwa siku ya kwanza," alisema, "ndiye anayezaa hawa wote."

Alisema hivyo kwa wote, lakini Bi Mbao alihisi kila neno limeelekezwa kwake. Akilini aliliona tena lile jike la kahawia likiingia mateteni mbele ya ncha ya buti.

Kisha fundi wa pampu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alivua kofia.

"Ni mimi," alisema. "Pampu ya chini imekuwa ikikohoa. Nikasema nitaifungua kesho, kesho. Juzi nimeifungua, imejaa tope. Maji yamesimama kwa sababu ya uvivu wangu."

Pampu hiyo kazi yake ilikuwa kuvuta maji yaliyochoka kutoka sehemu ya chini ya bwawa ili mapya yasogee. Ilijaa tope kwa sababu juu hapakuwa na maji ya kuja. Ilikuwa inanyonya matope kwa kukosa kingine cha kunyonya. Mtu mmoja tu pale ndiye aliyejua hivyo, na hakusema.

Meneja alimwangalia yule mzee. "Tutazungumza," alisema. "Sasa tufanye kazi."

Wakafanya kazi. Waliokota mizoga kutwa, siku baada ya siku, wakaizika katika shimo walilochimba mbali na maji na kuifunika chokaa. Waliobaki hai waliletwa stoo. Reki na matoroli yalitolewa nje, sakafu ikatandazwa matandiko ya majani makavu chini ya turubai, na mabata wakalazwa safu safu, kila mmoja shingo yake imeegemezwa juu ya tambara lililokunjwa ili asizame kwenye kibakuli chake cha maji. Daktari aliwaonyesha jinsi ya kuwanywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, pembeni mwa mdomo. Maji safi yanaweza kuosha sumu, alisema. Si wote watapona.

Bi Mbao aliongoza kwa bidii kuliko wote. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho. Wenzake walimsifu. Meneja alimwekea mkono begani akasema, "Bila wewe sijui tungefanyaje," na hilo lilimchoma vibaya kuliko tusi lolote.

Na fundi wa pampu aliacha mzaha. Mzee ambaye hakuweza kupita mbele ya chura bila kumpa jina, sasa alikaa kwenye kona ya stoo na bata mapajani, akinywesha, haongei. Aliwaambia wenzake kwamba ameomba kustaafu mapema. "Nimezeeka," alisema. "Sikio la pampu limeniisha."

Nyumbani Bi Mbao alinawa mikono mpaka ikapasuka. Mumewe alimtazama siku mbili, ya tatu akasimamisha cherehani.

"Utabandua ngozi."

"Inanuka."

"Hainuki. Kaa." Akamsogezea kiti cha wateja, akavuta uzi uliomng'ang'ania begani. "Dada yako alipokuja, mimi nilikuwa hapa. Mimi ni fundi cherehani, si kiziwi. Kuta zetu unazijua."

Bi Mbao alikaa. "Kwa nini hukusema kitu?"

"Nilidhani ni mambo ya mtu na dada yake. Nilijidanganya. Nilizila zile nyanya, na nilijua zimetoka wapi." Akauzungusha uzi kidoleni. "Lakini yule mzee hakula nyanya."

Akauachia uzi ukadondoka sakafuni. Akarudi kwenye suruali yake, lakini mashine haikuanza kwa muda.

Asubuhi iliyofuata Bi Mbao alimkuta fundi wa pampu stoo, peke yake, anabadilisha maji kwenye vibakuli. Alisimama mlangoni na ndoo.

"Pampu yako haikuwa na kosa," alisema.

"Usinipoze, Bi Mbao."

"Sikupozi. Nilitoa mbao mbili Lango la Juu. Nikayapeleka maji shambani kwa dada yangu. Pampu ilinyonya tope kwa sababu niliinyima maji. Na bata wa kwanza nilimwona. Nilimsukuma mateteni asionekane."

Mzee aliweka kibakuli chini taratibu. Alimwangalia kwa muda mrefu, na uso wake haukukasirika. Ulikuwa kama uso wa mtu anayetafuta kitu mfukoni asichokipata.

"Toka lini unajua kwamba najilaumu?"

"Tangu siku ile ulipovua kofia."

"Na ukaniacha nijitafune."

"Ndiyo."

Alipita kando yake akatoka nje. Bi Mbao alimwona akienda mpaka kwenye nyumba ya pampu, akafungua mlango wa bati, akaingia, na hakutoka mpaka mchana. Neno la kusamehe hakulisema, na Bi Mbao hakuona haki ya kulingojea.

Kwa meneja hakukaa. Alisimama mbele ya meza akasimulia yote, tangu kitambaa cha vyombo mpaka ncha ya buti. Meneja alisikiliza huku akibonyeza kalamu yake ndani na nje.

"Ungeniambia siku ulipomwona yule wa kwanza," alisema mwishoni, "tungewaokoa karibu wote. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi sina la kukuambia ambalo hujajiambia." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Hakufukuzwa. Alirudishwa kwenye kikosi cha matete, alikoanzia, na panga mkononi. Lakini mambo hayakuishia kwake. Meneja ilimbidi aitaarifu kamati, na kamati ikafunga kabisa mkono wa mashambani hadi uchunguzi ukamilike. Uchunguzi wa kamati haujui haraka. Nyanya za dada yake zilikauka zikiwa nusu zimevunwa, na si zake tu. Za majirani waliokuwa hawajui lolote pia, mzee mmoja wa vitunguu, mama mmoja mwenye bustani ya mchicha. Bi Mbao alipita njia ya juu siku moja akaona shamba zima limekunjamana, majani yakiwa ya kahawia, na mama wa mchicha aking'oa mabua bila kumsalimia. Kosa lake lilikuwa limeua upande mmoja. Kukiri kwake kukaua upande wa pili.

Dada alikuja mara moja tu. Alisimama kizingitini, hakuingia.

"Umetuuza kwa bata," alisema.

"Dada, yule mzee alikuwa anabeba mzigo wangu."

"Na mimi nilikubeba wewe. Hukuuliza nani atanibebea wangu." Akageuka, akashuka ngazi. Kanga yake ilinasa kwenye msumari wa mlango, akaivuta ikachanika kidogo, hakuangalia.

Aliyekuja kwa njia nyingine ni shemeji. Alifika stoo asubuhi moja bila kuambiwa, kofia mkononi, akauliza kama kuna kazi. Meneja alimjua ni nani. Alimtazama kuanzia juu hadi chini, kisha akamwonyesha ndoo. Yule bwana akabeba maji kutoka mferejini hadi stoo kutwa, na siku ya pili, na ya tatu, mikono yake mikubwa hatimaye imepata pa kukaa. Mara moja alichuchumaa karibu na Bi Mbao aliyekuwa anamnywesha bata wa shingo ya kijani. Ndege alimeza, akatikisa kichwa, shingo ikasimama kidogo, kisha ikalala tena.

"Sikujua wanakufa hivi," alisema shemeji.

"Mimi nilijua."

"Nilikutumia ujumbe ungoje."

"Ningeweza kukataa, shemeji. Usininyang'anye na hilo."

Walioweza kupona walipona. Siku ya kuwaachia, wafanyakazi waliwabeba kwenye makreti hadi Bwawa la Kaskazini lililokuwa na maji mazuri, na wengine waliruka hata kabla kreti halijafunguliwa vizuri. Watu walipiga makofi. Bi Mbao alikuwa amesimama nyuma yao, anamwangalia mmoja aliyebaki ndani ya kreti, amekataa kutoka, mpaka mtu akaliinamisha.

Mvua zilikuja mwishowe. Kamati ilikaa upya, na mara hii wakulima walialikwa kuketi mezani badala ya kuletewa uamuzi. Ilikubaliwa kwamba kiangazi kikibana mabwawa madogo yatashushwa kwa mpango, mapema, ndege wakiwa bado na pa kuhamia, na maji yanayookolewa yaende mashambani. Bwawa Kubwa pekee ndilo lisiguswe. Aliyelipendekeza wazo hilo ni fundi wa pampu. Alisema amekuwa akilifikiria tangu zamani, akakosa wa kumsikiliza. Hakustaafu. Wakati mwingine Bi Mbao alijiuliza kama naye, badala ya kunyamaza jikoni, angelipeleka ombi la dada yake mbele ya kamati siku ile ile, huenda mpango huo ungepatikana bila shimo la chokaa. Swali hilo halikumwacha. Lilimjia akifyeka, likamjia akikoroga uji.

Fundi alianza kumsemesha tena bila kutangaza. Siku moja alipita akamwona amenasa buti topeni, akasema, "Vua uliache, litaota buti lingine." Hayo tu. Bi Mbao alicheka hadi machozi yakamtoka, na mzee akajifanya anatazama mawingu.

Msimu uliofuata mabata walirudi, si wengi kama zamani. Meneja alimwita ofisini akamuuliza kama yuko tayari kurudi kwenye malango.

"Nikae na matete kwanza," alisema.

"Mpaka lini?"

"Sijui, meneja. Nikiangalia mbao sioni maji, naona mikono yangu. Mpe mwingine. Nitamfundisha yote ninayoyajua."

Akamfundisha, kwa uvumilivu, msichana mmoja wa kikosi aliyekuwa na akili nyepesi. Alimweleza kina cha kila bata na dalili za maji yaliyochoka. Alimwambia pia kuhusu lile jike la kahawia, bila kujificha, akimwonyesha mahali penyewe. Yule msichana alisikiliza macho yakiwa chini. Kisha akasema, "Pole, mama." Bi Mbao akamwambia asimpe pole, akumbuke tu.

Dada yake hakufika nyumbani kwake kwa karibu mwaka mzima. Salamu zilipitia kwa watoto. Kisha alasiri moja alikuja na gauni kwenye mfuko, akampa mume wa Bi Mbao, akisema limembana kiunoni, alipanue kidogo. Mji ule ulikuwa na mafundi cherehani wengine, mmoja hatua chache kutoka kwake. Mume wa Bi Mbao alichukua gauni bila kuuliza, akatafuta wembe wa kufumulia.

Bi Mbao alitoka jikoni akamkuta dada ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, kama mgeni.

"Sijakusamehe," alisema dada.

"Najua. Hata mimi sijajisamehe."

"Hilo ni lako. Mimi nasema langu." Akatazama nje, halafu akamtazama mdogo wake, mikono iliyokakamaa, shavu lililochanwa na matete. "Umekonda. Huli?"

"Nakula."

"Uongo." Akauweka mkoba chini, akavua viatu. "Una unga humu ndani, au na wenyewe umewapa bata?"

Mumewe aliinamia gauni ili asionekane anatabasamu. Bi Mbao akasema unga upo, akaingia jikoni kuinjika maji, na dada yake akamfuata.